Je, inafaa kununua kifyatulio kipya cha krosibo kwa ajili ya uwindaji, au nimpe fundi wa hapa Mwanza arekebishe cha zamani?

Mstaafu wa Ilemela

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu wa silaha za kuwindia na wa mafundi wa vyuma, kwa kuwa jambo lenyewe linagusa pande zote mbili.

Binti yangu ameolewa Wisconsin, Marekani, na tangu nilipostaafu nimekuwa nikienda kukaa naye majira ya vuli. Mkwe wangu huwinda kulungu wa kule, wale wenye mkia mweupe, kwenye shamba la familia yake. Silaha yake ni krosibo, yaani upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, ambao kamba yake hushikwa na ndoano mpaka mwindaji avute kifyatulio. Jimbo lile limeruhusu wawindaji wote kutumia krosibo tangu mwaka 2014, na msimu wake huanza katikati ya Septemba ukaendelea hadi mwanzoni mwa Januari. Nilihudhuria mafunzo yao ya usalama wa uwindaji, ingawa sheria huyadai kwa waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973 tu na mimi nilizaliwa kabla ya hapo. Kisha nikakata leseni ya mgeni, na mkwe akanikabidhi krosibo yake ya zamani.

Upinde wenyewe hauna kasoro. Nguvu yake ya kuvutwa ni pauni 175, ambazo ni kama kilo 79, na mikono yake haina ufa. Kinachonisumbua ni kifyatulio. Ni kizito, na kabla hakijaachia kinajikokota polepole, kinakwama kidogo, kinasogea tena, hata mtu asijue ni wakati gani hasa kamba itatoka. Mkwe alikipima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, ya aina ile ile inayotumika kupimia samaki pale Mwaloni Kirumba, huku mshale ukiwa umepakiwa na krosibo imeelekezwa kwenye shabaha, akapata karibu kilo 2.9. Nikipiga kutoka mita 27 mishale yangu huelekea kulia zaidi kuliko yake, na yeye anaamini kwamba kidole changu kinaivuta krosibo yote upande wakati nikihangaika na kifyatulio.

Ipo kampuni inayouza kiboksi kizima cha kifyatulio kinachoingia kwenye krosibo ya aina hiyo, kwa bei inayozidi dola 100. Mimi nilimwomba mkwe akitoe kile cha zamani, nikaja nacho nyumbani kwenye begi, kwa wazo kwamba fundi wa kukereza vyuma wa Nyakato anaweza kuling'arisha jino la ndani na kuweka springi laini zaidi kwa gharama ndogo.

Naomba kujua, kwanza, kama vifyatulio hivi vya kununua pembeni vina faida ya kweli kwa mwindaji au ni pambo tu. Na pili, kama wazo langu la kumpa fundi ni la busara.

Mama Kulwa

Shikamoo mzee. Nimeishi Michigan kwa miaka mingi kabla ya kurudi Mwanza, na nimewinda kulungu kwa krosibo na marehemu mume wangu pamoja na majirani zetu, kwa hiyo swali lako linanihusu kabisa.

Jibu langu kwa swali la kwanza ni ndiyo, lakini kwa krosibo ya aina yako, si kwa kila krosibo. Krosibo nyingi zinazotengenezwa sasa hutoka kiwandani zikiwa na kifyatulio kinachoachia kati ya kilo 1.4 na 1.8 hivi, bila kujikokota sana, na mwenye krosibo ya namna hiyo akinunua kingine hapati cha maana. Cha kwako cha kilo 2.9 kiko mbali na hapo. Zaidi ya uzito, mimi ningejali huko kukokota unakokueleza, kwa sababu kifyatulio kizito kinachoachia mahali pamoja kila mara unaweza kukizoea, lakini kinachokwama na kusogea hakizoeleki. Kila mshale unatoka kwa namna yake.

Kampuni iliyojenga jina katika jambo hili ni TriggerTech ya Kanada, ambayo iliweka rola ndogo kati ya jino na kifyatulio ili vyuma viwili visisuguane kwa kuburuzana bali kimoja kibiringike juu ya kingine. Barnett walikuja kuvifunga vifyatulio hivyo kiwandani katika baadhi ya krosibo zao. Nimevitumia, na tofauti inaonekana tangu mvuto wa kwanza: kidole kinabana, hakuna kinachosogea, kisha mshale umeondoka.

Hata hivyo kuna mambo unayopaswa kuyahakikisha kabla ya kutoa fedha. La kwanza ni kwamba kiboksi kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya krosibo yako kwa jina na kwa modeli, si kile kinachosemekana kinaingia kwenye krosibo nyingi, maana urefu wa ndoano na mahali kamba inaposimama vikitofautiana kidogo tu, mshale haukai sawasawa kwenye kamba. La pili ni kwamba kizuizi cha kufyatua bila mshale kwa kawaida kimo ndani ya kiboksi hicho hicho. Krosibo ikifyatuliwa pasipo mshale, nguvu yote ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde na kuipasua, na mwenye kuishika anaweza kuumia vibaya. Kiboksi kipya kisichokuwa na kizuizi hicho usikikubali hata kikiwa laini namna gani. La tatu ni dhamana ya kiwanda, ambayo huenda ikafutika, ingawa kwa krosibo ya zamani hilo si zito.

Kwa faida ya wengine watakaosoma, niseme pia kwamba zipo krosibo ambazo mfumo wake hauruhusu kabisa kubadilisha kiboksi kwa namna hii. Zile za Ravin, kwa mfano, kifyatulio chake husogea mbele kwenye reli kuifuata kamba, kisha hurudishwa nyuma nayo.

Kuhusu swali la pili nawaachia mafundi, ila moyo wangu umeshtuka niliposoma habari ya springi.

Fundi wa Nyakato

Mzee wangu, mimi ni fundi wa kukereza vyuma huku huku Nyakato, na kazi hiyo ukiniletea nitakurudishia mkononi bila kuigusa. Naomba unisikilize sababu zake, kwa kuwa nakueleza kama ambavyo ningemweleza baba yangu mzazi.

Tazama kwanza kazi ya hicho kiboksi. Katika bunduki, kifyatulio huzuia springi ya kugonga risasi tu, nayo ni ndogo. Baruti ndiyo inayofanya kazi kubwa baadaye. Katika krosibo hakuna baruti. Nguvu yote ya kurusha mshale tayari imehifadhiwa kwenye mikono ya upinde, na zile kilo 79 zinavuta ndoano mbele kwa muda wote ambao umekaa juu ya mti ukimsubiri kulungu. Ndoano hiyo inazuiwa na wenzo, na wenzo unazuiwa na jino ambalo ukingo wake unaoshika huenda haufiki milimita 2. Mpangilio wa nyenzo ndio unaopunguza mzigo hatua kwa hatua, hadi kidole kinakutana na kilo 2 au 3 badala ya 79. Elimu hii ni ya kale mno: pamoja na wale askari wa udongo wa kaburi la mfalme Qin Shi Huang wa China, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo, vilifukuliwa vifyatulio vya krosibo vya shaba nyeusi, na ndani yake mna ndoano, wenzo na kifyatulio vikizunguka kwenye pini mbili. Mimi kama fundi huwa nawaheshimu sana watu wale, maana walipata vipimo hivyo bila mashine yoyote tunayoijua leo.

Sasa ukisema jino ling'arishwe, unagusa mambo mawili kwa mpigo. Jambo la kwanza ni ugumu wa chuma. Jino hukomazwa kwa moto ili uso wake usilike, na katika vipuri vingi ugumu huo ni wa tabaka jembamba la juu tu. Tupa au msasa ukiondoa tabaka hilo, chini yake unakuta chuma laini, ambacho siku ya kwanza kitateleza vizuri sana na kumfurahisha mwenye mali, kisha kitaanza kuchimbika kidogo kidogo chini ya mzigo ule, bila mtu kuona, kwa kuwa kiko ndani ya boksi. Jambo la pili ni pembe ya mguso. Kiwanda kimechagua pembe ambayo mzigo wa kamba unalisukuma jino lizidi kushika, au angalau lisiteleze. Mkono wa fundi ukiibadilisha pembe hiyo kwa kiasi ambacho jicho halikioni, mzigo huo huo utaanza kulisukuma jino litoke. Krosibo ya namna hiyo inaweza kuachia mshale kwa kugongwa kwenye tawi, au wakati unaondoa kizuizi cha usalama, ambapo huenda kuna mtu mbele yako.

Springi laini ina hatari yake nyingine. Springi ya kifyatulio haikuwekwa ili kukutesa kidole. Imewekwa ili ilirudishe jino mahali pake kila unapovuta kamba. Ikiwa laini mno, na hasa ikiwa kuna vumbi au grisi iliyoganda, jino litarudi nusu tu. Utasikia mlio wa kushika, utaamini imeshika, kumbe imeshika kwa ncha.

Mafundi wazuri wapo hapa Mwanza, na wapo vijana waliotoka VETA na wanaofanya kazi karibu na SIDO ambao wangeweza kukuchongea karibu kipuri chochote cha mashine ya kukoboa au cha injini ya mtumbwi. Lakini kipuri cha mashine ya kukoboa kikishindwa, mashine inasimama na tunakitengeneza upya. Hiki kikishindwa, mshale wenye kigumba kikali umekwisha kuondoka. Kipuri cha aina hii ninunulie kizima kutoka kwa mwenye vipimo, mzee wangu, au kiache kama kilivyo.

Naomba nikuulize swali moja: kiboksi ulicho nacho kimefungwa kwa pini na skrubu, au kimepigwa ribiti?

Askari Mstaafu wa Wanyamapori

Wanandugu, nimefuatilia kwa makini, na fundi ameeleza vizuri sana. Nina hoja tofauti na ya Mama Kulwa, pamoja na heshima zote kwake.

Nimefanya kazi ya ulinzi wa wanyamapori upande wa magharibi wa Serengeti, na nimewafuatilia wanyama waliojeruhiwa kwa mishale kwa saa nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kwa hiyo mimi swali hili silitazami upande wa shabaha, nalitazama upande wa mnyama. Mshale hauui kama risasi. Risasi ya bunduki kubwa hupasua na kutikisa mwili. Mshale huua kwa kukata mishipa na mapafu, mnyama akaishiwa damu, na ndiyo maana kigumba lazima kiwe kikali kama wembe na kipite kwenye eneo la moyo na mapafu, ambalo kwa kulungu wa kule ni duara la takribani sentimita 20. Nje ya duara hilo mnyama ataondoka na maumivu yake, na huenda usimpate.

Sasa tujiulize ni kitu gani hasa humtoa mwindaji nje ya duara hilo. Chukua krosibo inayorusha mshale kwa futi 350 kwa sekunde, yaani kama mita 107. Ukiwa umeilenga kwa umbali wa yadi 30, ambazo ni mita 27, na kulungu kumbe amesimama yadi 40, mshale wako utapita takribani sentimita 15 chini ya pale ulipolenga. Hilo ni kosa la kukadiria umbali tu, na limekwisha kukutoa kwenye duara, hata kama kidole chako ni kitulivu kuliko cha mtu yeyote. Jioni, kwenye kichaka, kukosea yadi 10 ni jambo la kawaida sana kwa macho matupu. Kipimaumbali kidogo cha mkononi kinaondoa kosa hilo lote, na kiboksi cha dola 100 hakiondoi hata kidogo.

Liko na jambo la sauti. Mshale huo unahitaji takribani sekunde 0.26 kufika mita 27, ilhali sauti ya kamba inafika kwa sekunde 0.08. Mnyama mwenye hofu ana karibu sekunde 0.18 za kusikia na kuinama ili aruke, na kulungu wale wanajulikana kwa tabia hiyo. Katika mita 37 muda wake unakuwa mrefu zaidi. Dawa yake ni kusogea karibu, kusubiri mnyama awe ametulia na ameinamisha kichwa anakula, na kukataa kupiga wakati ameinua masikio. Haya ni mambo ya subira na ya kuisoma tabia ya mnyama, nayo hayauzwi dukani.

Kwa hiyo mzee mwenzangu, kama fedha ni za kugawa, mimi ningeanza na kipimaumbali, nikafuata vigumba vipya ambavyo havijawahi kupigwa kwenye shabaha, kisha tegemeo imara la kuwekea krosibo, kwa kuwa krosibo ina uzito wa kilo 3 na zaidi ikiwa na darubini, na mikono ya watu wa umri wetu haitulii nayo kwa muda mrefu. Ningebadilisha kamba kama ina nyuzi zilizoanza kukatika. Kifyatulio kingekuwa cha mwisho kabisa.

Na ukishapiga, tafadhali usikimbilie. Tazama mnyama alikoelekea, subiri si chini ya nusu saa, ndipo ushuke ukafuate damu.

Mstaafu wa Ilemela

Marahaba Mama Kulwa, na asanteni wote kwa kunijibu kwa uzito huu.

Fundi, nimekitazama kiboksi chini ya taa. Upande mmoja kina skrubu mbili za kukishikilia kwenye kitako, lakini sahani zake mbili zenyewe zimeunganishwa kwa ribiti nne. Kwa ndani, kwenye tundu la ndoano, naona uchafu mweusi ulioganda, na nikikitikisa kifyatulio kwa kidole kinasogea kwa kusuasua.

Mzee mwenzangu askari, kipimaumbali sina. Mkwe anacho, lakini tukikaa kwenye miti tofauti mimi hukadiria kwa kutazama miti niliyoipima mchana kwa hatua. Hoja yako ya sentimita 15 imenishtua kweli. Hata hivyo nauliza: kama kwenye shabaha tuli, ambayo umbali wake naujua, mishale yangu tayari inaelekea kulia, si kwamba kosa la kifyatulio na kosa la umbali yatajumlishwa siku ya kuwinda?

Mama Kulwa

Yatajumlishwa, mzee, na hapo ndipo ninapotofautiana na mzee wetu askari, ingawa kila alichosema kuhusu umbali na subira nakikubali kwa moyo wote na ningependa kila mwindaji kijana akisome.

Watu hudhani kwamba krosibo ikishaachia, kazi ya mkono imekwisha. Sivyo. Risasi hutoka kwenye mtutu kwa muda wa karibu sekunde 0.001. Mshale wa krosibo yenye mvuto wa sentimita 33 hivi hukaa kwenye reli takribani sekunde 0.006 kabla haujaiacha kamba, na muda wote huo bado unaelekezwa na krosibo yenyewe. Kifyatulio cha kilo 2.9 kikiachia kwa ghafla baada ya kukwama, kidole kinaruka nyuma, bega linashtuka, na mshale ungali njiani kwenye reli. Kwa kijana mwenye mkono mzito huenda hilo lisionekane. Kwa mtu mwenye vidole vilivyochoka, au mwenye ugonjwa wa viungo, kifyatulio kibaya ni kasoro ambayo mazoezi hayaimalizi, na nimewaona kina mama wenzangu wakiacha kuwinda kwa sababu hiyo tu.

Lakini naomba usivuke mpaka upande wa pili. Mwezi wa Novemba kule Wisconsin utakuwa umevaa glovu nene, na kidole chenye glovu hakihisi kitu mpaka kimekwisha kubana. Kwa hiyo usitafute kifyatulio cha kuachia kwa kuguswa. Kitu cha kilo 1.4 hadi 1.6, kisichojikokota, kinatosha kabisa kwa mwindaji. Vyepesi kuliko hivyo waachie wapiga shabaha wa mezani.

Mwanasheria wa Capri Point

Naongeza jambo moja fupi, kwa kuwa mzee amesafiri na kipuri. Kiboksi peke yake ni chuma tu, lakini asije akashawishika kuileta krosibo yenyewe nchini bila kwanza kuwauliza Polisi na TAWA, yaani mamlaka ya wanyamapori, kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda hapa Tanzania bila leseni ni kosa, na kisiwa cha Saanane tunachokiona kutoka mjini ni hifadhi ya taifa, sawa na Rubondo, ambako hakuna uwindaji. Kila nchi ina yake: Uingereza hairuhusu kuua wanyamapori kwa upinde wala krosibo tangu sheria yao ya mwaka 1981, na hata ndani ya Marekani jimbo la Oregon limekataa krosibo kwa uwindaji. Ruhusa ya Wisconsin inaishia Wisconsin.

Fundi wa Nyakato

Mzee wangu, ribiti zimemaliza mjadala wa kukifungua. Kiboksi cha ribiti hakikukusudiwa kufunguliwa na mtu yeyote nje ya kiwanda, na ukizikata hutaweza kuzirudisha kwa ubanaji ule ule.

Lakini huo uchafu mweusi umenipa matumaini kidogo. Mara nyingi ni mafuta ya kulainishia reli ambayo kamba huyakokota nyuma kila inapovutwa, yakaingia kwenye tundu la ndoano, yakachanganyika na vumbi na nyuzi za nta ya kamba. Katika baridi ya kule hugeuka kuwa gundi. Kukwama unakokueleza kunaweza kabisa kuwa hicho tu. Hiki nitakifanya, na wala sitakutoza: lete tukipulize kwa hewa ya kompresa, tukisuuze kwa kisafishio kinachokauka chenyewe kisichodhuru plastiki, tukipulize tena mpaka kitoke kisafi. Grisi hatutaweka. Tutatia tone moja la kilainishi kikavu kama kitabu cha kiwanda kinaruhusu, kwa hiyo mwombe mkwe akutumie picha ya ukurasa huo kabla hujaja.

Baada ya hapo hatutakijaribu hapa. Bila mzigo wa kamba, kipimo chochote tutakachopata hakitakuwa na maana. Kikirudi kule na kufungwa, mkwe akipime tena kwa mizani ile ile, mshale ukiwa umepakiwa na shabaha iko mbele, na kabla ya hilo avute kifyatulio kwa nguvu huku kizuizi cha usalama kimefungwa, aone kwamba hakiachii. Kikishuka hadi kilo 2 au chini yake na kikaacha kukwama, kibaki, na fedha uzipeleke kwenye kipimaumbali kama alivyosema mzee askari. Kikibaki palepale, nunua kizima cha modeli yako, nacho ukifunge kwa utaratibu huo huo wa kukagua.

Mstaafu wa Ilemela

Nimeelewa, na nimeridhika. Fundi, nitafika Nyakato Jumamosi asubuhi nikiwa na kiboksi pamoja na ukurasa wa kitabu. Mkwe ameshaahidi kuutuma. Kipimaumbali nitakinunua kwa vyovyote vile, hata kama itabidi kifyatulio kipya kisubiri msimu mwingine. Na kwa kipindi chote ambacho uzito wa kifyatulio haujajulikana sitampiga kulungu aliye mbali kuliko mita 20, nikiwa kwenye tegemeo.

Askari Mstaafu wa Wanyamapori

Mita 20 kwenye tegemeo ni uamuzi mwema, mzee mwenzangu. Mama Kulwa, hoja yako ya mshale kuwa bado kwenye reli nimeikubali. Kwa kifyatulio kinachokwama kama hicho, nakipandisha kutoka mwisho wa orodha yangu hadi nafasi ya pili, baada ya kipimaumbali.